Maji Niliyoyatia Mimi

Mwanangu Nasra,

Assalaam aleikum. Sikuulizi hali, maana asubuhi tumekunywa chai pamoja na umemaliza mihogo yote ukaniachia chumvi. Sasa hivi uko Mkange kuwaaga wajomba zako na kuzuru kaburi la mama yako, na ukijaliwa utarudi kabla ya magharibi. Kesho alfajiri tutakwenda pamoja mpaka Msata, utapanda basi la Arusha kwenda kwenye kazi yako ya katuni, nami nitarudi peke yangu. Nina saa chache za mchana kuandika jambo ambalo nikilisema kwa mdomo nitalisema nusu.

Mambo ya safari sikuandikii. Shangazi yako amekwisha kukuambia usile vya njiani, usilale mkoba ukiwa wazi, upige simu ukifika. Ukimsikiliza sana utadhani unapelekwa vitani. Mimi nakuandikia habari ya maji.

Wiki mbili sasa unaniuliza swali moja. Umeniuliza jikoni, umeniuliza nikitoka msikitini, na siku ile ukaniuliza bisibisi iko mdomoni: "Baba, niipoze kompyuta kwa maji au niache feni tu? Wewe si uliwahi kuwa nayo ya maji?" Nami nikawa nakwepa. "Utaona mwenyewe." "Wewe ndiye msomi." Mara moja nilijifanya simu inaita, na simu yenyewe ilikuwa mkononi mwako. Ukachoka kungoja, ukaifungia mtambo wa maji. Tangi, pampu, rejeta, mipira yake, vyote umeviunganisha mwenyewe kwa siku nne, kazi safi ambayo mimi nisingeiweza. Ulipomaliza ukapangusa mikono, ukasema bila kuniangalia, "Safari hii sitakosea, Baba."

Nikatoka nje. Ulidhani nimekwenda kununua vocha. Nilikwenda kusimama nyuma ya ukuta wa choo usinione uso.

Safari hii, ulisema. Kumbe ile ya kwanza umeibeba miaka yote kumi na mitatu. Nilikuwa nikijidanganya kwamba mtoto husahau.

Naandika nikiwa sebuleni. Kompyuta yako umeiacha inafanya kazi chumbani kwako, siku nzima na usiku wake kama ulivyosema, na chini ya kila kiungio umetandika tishu ili ionyeshe kama kuna tone. Naisikia pampu kutoka hapa. Sauti yake ni ndogo, mtu mwingine asingeisikia. Mimi naisikia vizuri sana.

Naanza mwanzo, Nasra, maana nikianza mwisho utaichana barua kabla hujaelewa.

Unajua kwamba mimi na mama yako tulikuwa tukipiga video za harusi. Huenda hujui kwamba kazi iliyotulisha ilikuwa yake, si yangu. Mimi nilikuwa na wanaume: nikahi, msikiti, wazee wanakula pilau na kunitazama kama nimekuja kuwahesabia minofu. Zuwena alikuwa na wanawake. Aliingia alipokuwa anasingwa bibi harusi, alipokuwa anapakwa hina, walipokuwa wanacheza vichwa wazi. Picha zile hazikupaswa kuonwa na mwanamume yeyote, hata mimi. Familia za mji huu zilimwamini kwa hilo. Alizipiga yeye, alizikata yeye, alizitia muziki yeye, na diski alimkabidhi mama wa bibi harusi mkono kwa mkono.

Kwa hiyo chumba cha kazi kilikuwa kile cha upande wa uchochoro, dirisha limefungwa kwa misumari na pazia zito juu yake, maana wapita njia wa mji huu macho yao hayana breki. Mlango nao hufungwa. Ndani yumo mama yako, taa, skrini mbili na kompyuta iliyokuwa ikirenda, ikiunganisha vipande kuwa video moja, saa sita mfululizo. Unalijua joto la hapa mwezi wa pili. Alitoka humo kanga imelowa, na kompyuta nayo ilikuwa ikizima yenyewe katikati ya kazi.

Nikasema dawa yake ni maji. Nilikuwa nimeona picha za kompyuta za wakubwa huko nje, mipira inang'aa, maji ya buluu yanazunguka ndani. Tulikuwa na binamu Maskati, nikamwomba vifaa, akavileta ndani ya masanduku ya nguo. Fundi nilimpata Mapinga, Kibwana, kijana mpole aliyejifunza mambo haya kwa kuharibu ya kwake kwanza.

Mama yako alinisikiliza nikihubiri, kisha akauliza, "Baba Nasra, hayo maji yanalipeleka wapi joto?"

Nikamwambia yanalitoa kwenye prosesa na kadi ya picha, yanalipeleka kwenye rejeta, feni za rejeta zinalitupa.

"Zinalitupa wapi?"

"Nje."

"Nje ya sanduku, au nje ya chumba?"

Nikacheka. Nilimwona mwanamke wa shamba asiyeelewa mitambo. Akasema, "Mwite muashi atoboe matundu mawili kule juu, chini ya dari. Hakuna mwanamume atakayechungulia huko ila awe na ngazi. Weka feni moja ivute hewa itoke. Basi."

Huo ndio uliokuwa ushauri bora wa kompyuta niliopata kupewa, na aliyenipa alikuwa amesoma mpaka darasa la saba Mkange. Sikuufuata. Matundu ukutani hayana wa kuyasifu. Nilitaka watu waje waone maji ya buluu.

Na walikuja. Siku Kibwana alipomaliza kufunga, niliwaita mpaka jamaa wa dukani. Kompyuta haikuzima tena, hilo kweli. Lakini jioni ya kwanza mama yako alitoka chumbani amelowa vilevile, akaketi hapo mlangoni akijipepea na kipande cha ukili, akaniambia, "Hongera. Joto umelitoa sandukuni umeliweka mapajani mwangu." Tukacheka sana. Laiti ningeacha kucheka nikaenda kumtafuta muashi.

Kibwana aliniachia masharti mawili. La kwanza, tangi likipungua niongeze maji ya betri peke yake, yale safi ya vituo vya mafuta, na dawa aliyoniachia. Nisitie ya bomba wala ya kisima, wala ya kunywa. "Humu mna vijia vyembamba kuliko unywele, bwana. Kitu chochote chenye uhai kikiingia kitajenga." La pili, kila kilichomo katika diski kiwe na nakala nje ya nyumba. Nikamwambia nitafanya Ijumaa. Nasra, Ijumaa zilipita nyingi.

Mwaka ule mama yako akaugua kifua. Unakumbuka kikohozi, sijui kama unakumbuka zaidi. Hospitali tulikwenda, dawa alikunywa, na bibi yako naye akaleta za kwake. Alimpelekea habari mwalimu wake, akaandikiwa kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ya mawaridi na maji, na bibi yako akaongeza asali kwa ajili ya koo. Chupa nzima. Mama yako alikunywa kila asubuhi, kwa bismillahi, na alisema inamtuliza. Simcheki mtu kwa hilo. Mimi mwenyewe nililelewa kwa makombe.

Alipoona mwili unazidi kumwacha, akaniomba nimwekee kamera katika kile chumba chake cha kazi. Alikaa katika kiti chake, kwa mchana wa siku tatu, akasema na wewe. Nasema na wewe, si na sisi. Alitazama kioo cha kamera akakuita jina. Nilikuwa nyuma ya kamera, na mara mbili alinitoa nje kwa sababu nilikuwa nashindwa kujizuia. Tukaziingiza picha katika kompyuta. Kadi za kamera nikazifuta, kwa sababu Jumamosi kulikuwa na harusi.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo akafariki. Tulimzika Mkange kwa kuwa ndivyo alivyotaka.

Sasa nafika ninapopaogopa.

Siku ya nne, matanga yameanuliwa, nilikuta chupa ya kombe dirishani. Ilikuwa imebaki robo. Maji ya njano, zafarani imejikusanya chini, harufu ya mawaridi ukiifungua. Unajua kombe halimwagwi ovyo. Lina maneno ya Mungu, halimwagwi mahali watu wanapokanyaga, na bibi yako aliniambia, "Kayamwage kwenye shina la mlimau, taratibu." Nikaichukua chupa. Nikafika mpaka kwenye mlango wa uani. Nikashindwa. Dua ile aliombewa yeye, na aliyeombewa yuko mchangani, na mimi niimwagie mlimau?

Nikaingia chumbani kwake. Kompyuta ilikuwa imezimwa, imefunikwa kanga. Tangi lilikuwa limepungua chini ya mstari, na maji ya betri yalikuwa yamekwisha. Nikafikiri: sauti yake imo humu. Uso wake umo humu. Humu ndimo alimobaki. Nikafungua kifuniko cha tangi, nikasema bismillahi, nikayamimina yote.

Nilifanya kwa imani, Nasra. Wallahi nilidhani namlinda.

Bibi yako aliniuliza jioni, "Umeyamwaga?" Nikasema ndiyo. "Kwenye mlimau?" Nikasema ndiyo. Ule ulikuwa uongo wa kwanza, na mdogo kuliko wote.

Kompyuta ikakaa imefunikwa mpaka arobaini. Chumba kimefungwa, joto, giza, na ndani ya mipira asali na zafarani vimelala. Fundi yeyote angekuambia kilichokuwa kinaendelea humo. Wewe kila siku ulikuwa ukinivuta kanzu: "Baba, nataka kumwona Mama." Nami nakujibu, "Baada ya arobaini." Niliogopa kumwona. Nilijiambia ni heshima ya msiba.

Baada ya hitma ya arobaini nilimpigia Kibwana kumwambia nataka kuwasha. Sikumwambia nilichotia. Akasema, "Usiwashe kwanza. Maji yaliyolala muda huo hayaaminiki. Nipe siku mbili, nije niyatoe niisafishe." Nikasema sawa. Asubuhi ya pili yake mama mmoja akaja kulia kwangu kwamba video ya harusi ya bintiye haijatoka na mkwe anasema maneno. Mama yako alikuwa ameikata yote, ilibaki kurenda tu. Nikawasha.

Nilipofunua ile kanga nilisikia harufu ya mawaridi. Chumba kilichofungwa siku arobaini, kilipaswa kunuka vumbi. Maji ya buluu yalikuwa yamegeuka rangi ya mtindi uliochacha, na kwenye kona ya mpira mmoja kulikuwa na kitu mfano wa uzi, kinacheza na mkondo. Pampu ikaanza na sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya mtu anayekoroma na kukatikakatika. Nilisimama pale nikaitazama. Nilijua. Usije ukadhani sikujua. Nikageuka nikarudisha pazia, nikaanza kurenda harusi ya watu, nikasema ikimaliza nitatoa nakala ya mama yako. Kazi ya watu kwanza.

Mchana, nilipokuwa msikitini, ukaingia wewe.

Ulikuwa na miaka minane. Ulikuwa umeniona mara nyingi nikiangalia ule mstari wa tangi, na ulikuwa umeniambia mara nyingi, "Baba, yamepungua," nami nakusifu. Siku ile uliona yamepungua. Ulitaka yasiniishie, ili jioni umwone mama yako. Ukachota kikombe cha maji kwenye mtungi, ukapanda juu ya kiti chake, ukatia. Ukafunga kifuniko vizuri kabisa. Nilikikuta kimefungwa vizuri.

Ulikuja kunipokea barazani ukiwa umefurahi. "Nimeijazia, Baba." Hatujamaliza kusalimiana tukasikia mlio chumbani. Pampu ilikuwa imeziba, mpira ukapata moto ukachomoka, na maji yalikuwa yanamwagika juu ya kadi ya picha yakishuka kwenye diski zilizokuwa chini yake. Yalinuka mawaridi. Kukawa na harufu ya kuungua ndani ya harufu ile.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kilichoua diski. Badala ya kuchomoa umeme niache ikauke, nikapangusa kwa kanga, nikawasha. Haikuwaka. Nikawasha tena. Mara ya tatu ikatoa cheche, na diski ikalia kama kijiko kinachokwaruza sufuria. Kibwana alipozipeleka Dar es Salaam kwa mtu anayefufua diski, zilirudi zimekufa vilevile. Yule mtu alisema kama zisingewashwa na maji ndani, pengine. Neno lile pengine nimelala nalo miaka yote.

Lakini siku ile nyumba ilijaa watu, shangazi yako, majirani, na kila mmoja anauliza kumetokea nini. Wewe ulikuwa umesimama kwenye kona, kikombe bado mkononi. Bibi yako akasema, "Huyu mtoto na mikono yake isiyotulia! Katia maji ya mtungi!" Wakakugeukia wote. Shangazi yako akakushika bega akakutikisa: "Umemmaliza mama yako mara ya pili, unajua?" Alikuja kujuta kwa maneno yale, nami najua amekuomba radhi. Mimi sikusema lile neno. Mimi nilifanya baya zaidi, nilinyamaza.

Ukanitazama. Ulikuwa unangoja niseme. Nikatazama chini, kwenye maji.

Kikombe kimoja cha maji ya mtungi kisingeiziba pampu kwa nusu saa, Nasra. Wewe leo unajua, umesomea. Nashangaa hujawahi kuikalia ukapiga hesabu. Au uliikalia, ukaona haitimii, ukaacha kwa kuwa mtu mwingine pekee aliyegusa tangi lile alikuwa baba yako? Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Maji yale yalikuwa yameoza kabla hujapanda kwenye kiti. Niliyeyaozesha maji ni mimi. Niliyewasha nikiwa nimekatazwa ni mimi. Niliyefuta kadi, niliyetanguliza harusi ya watu, niliyewasha mara tatu ni mimi. Wewe ulifunga kifuniko vizuri.

Bibi yako nadhani alijua. Usiku wa kuamkia siku ya pili aliingia chumbani, akainama sakafuni, akanusa. Akanitazama muda mrefu. Asubuhi alikwenda mwenyewe kuumwagilia mlimau, na mpaka anafariki hakulitaja, ila hakukusema tena habari ya mikono yako.

Baada ya hapo nilikuona ukiacha kugusa vitu. Miaka miwili, mtoto aliyekuwa akifungua saa za watu, ukawa unaomba ruhusa kuwasha redio. Ukinywa maji unakamata kikombe kwa mikono miwili. Kila nilipotaka kukuambia nilisema akikua kidogo. Ulipokua kidogo nikasema akimaliza mtihani. Ukaanza tena, taratibu, kompyuta za shule, simu za majirani, nikajiambia, basi, amepona, mbona nimtoneshe? Woga una maneno mengi ya busara. Kumbe ulikuwa hujapona. Ulikuwa unajifunza kila mpira na kila kiungio ili siku moja uirudie ile kazi usikosee.

Sasa swali lako, nikujibu kama nilivyopaswa wiki mbili zilizopita.

Kompyuta yako ya kurenda katuni, kwa huko unakokwenda, haihitaji maji. Unakwenda Arusha, mwanangu, watu wanalala na mablanketi mawili, wewe unawabebea rejeta. Feni nzuri na sanduku linalopumua vinatosha. Kabla ya kununua kitu chochote cha kupoza, uliza swali la mama yako: joto linakwenda wapi? Ukiwa na jibu, mara nyingi utaona unachohitaji ni tundu ukutani. Maji yana faida yake, nakubali. Utulivu, na kadi kubwa inayofanya kazi usiku na mchana itashukuru. Lakini yanataka mtu wa kuyatazama kila mwezi, kuyatoa kila mwaka, na kusema ukweli yanapobadilika rangi. Mimi sikuwa mtu huyo. Wewe pengine ndiye. Kama unayapenda kwa kuwa ni kazi nzuri na mikono yako inafurahia, yaache, nami sitasema neno. Kama umeyafunga ili ulipe deni la kikombe kile, yatoe leo, kwa kuwa deni hilo halikuwahi kuwa lako.

Lolote utakaloamua, usisafiri nayo na maji ndani. Barabara ya kutoka hapa mpaka Msata unaijua, na baada ya Msata kuna siku nzima ya basi.

Na jambo moja zaidi. Barua ikiwa nusu niliondoka kuswali adhuhuri, na niliporudi niliingia chumbani kwako. Sikwenda kupekua, nilikwenda kuisikiliza pampu. Tishu ya chini, ile iliyo chini ya kiungio cha rejeta upande wa ukutani, ina doa. Dogo, kama punje ya choroko, lakini nimeligusa kwa kidole na ni bichi. Bisibisi yako ilikuwa hapohapo juu ya meza. Ningeweza kukaza, nikabadilisha tishu, ukarudi ukakuta kila kitu kikavu na ukaondoka ukiwa umejisifu. Mkono ulifika mpaka kwenye bisibisi. Nikaurudisha. Nimezima kompyuta, hilo tu, na doa nimeliacha kama lilivyo. Ukiingia liangalie mwenyewe kabla hujavua baibui.

Sikuombi unisamehe leo. Kesho njiani kwenda Msata ukitaka kunyamaza, nyamaza, nitaendesha. Ukitaka kupiga kelele, kuna sehemu nyingi hakuna nyumba. Ninachoogopa ni kwamba utaniambia "Hapana neno, Baba" kwa ile sauti yako ya kuwafurahisha watu. Usiniambie hivyo.

Nimebaki na kitu kimoja cha kukupa, na sikukupa miaka yote kwa sababu nisingeweza kukupa bila kutoa na mengine. Nilikuwa nyuma ya kamera. Mengi yamenitoka, umri huu na kilio kile. Nakumbuka alikuelekeza namna ya kusuka nywele zako zisikatike. Nakumbuka alicheka akasahau anachosema. Lakini kipande kimoja nakishika neno kwa neno, kwa kuwa alipokisema aliacha kutazama kamera, akanitazama mimi.

Alisema: "Nasra ana mikono isiyotulia, kaitoa kwangu. Atavunja vitu vyenu. Siku akivunja, Baba Nasra, usiwaache watu wamseme mwanangu. Simama mbele yake."

Baba yako